Neno 'myriad' lilikuwa elfu kumi kamili, leo halihesabiki

HIVI majuzi taarifa moja kutoka Kikambala, Kaunti ya Kilifi, ilifika katika meza ya uhariri ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba wakazi wa huko wanakabiliwa na 'a myriad of problems'. Kijana aliyepewa kazi ya kuitafsiri aliandika, bila kusita, kuwa wakazi hao wanakabiliwa na 'matatizo yasiyohesabika'.

Nilimwita nikamuuliza swali moja tu: "Je, umejaribu kuyahesabu?"

"Lakini mzee," akanijibu kwa adabu, "kamusi ndivyo inavyosema."

Kamusi haikukosea. Hata hivyo, nilimwomba ampigie simu mwandishi aliyehudhuria mkutano huo wa wakazi. Baada ya mazungumzo ya dakika chache ikabainika kwamba matatizo yaliyotajwa yalikuwa matatu: visima vinavyotoa maji ya chumvi, mashamba yasiyokuwa na hatimiliki, na vijia vya kwenda ufuoni ambavyo wavuvi walilalamika kuwa vimezibwa. Matatu. Yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na viwili vikabaki.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Neno 'myriad' limekuwa kipenzi cha wanasiasa, wasemaji wa mashirika na waandishi wa habari wa humu nchini. Haupiti mkutano wa hadhara au warsha ya hotelini bila ya kusikia kuhusu 'myriad' ya changamoto. Aghalabu anayelitumia hajui lilikotoka, na anayelitafsiri kwa Kiswahili hana hakika aliweke nini badala yake.

Neno hili lina asili ya Kigiriki. Katika lugha hiyo ya kale, 'myrios' lilikuwa na maana ya kitu kisicho na idadi. Katika tungo za Homer, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi ya Wagiriki, neno hilo hutumika kwa maana hiyo ya wingi usio na mpaka.

Baadaye, Wagiriki walipohitaji jina la idadi kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, walilichukua neno hilo hilo na kulifungia katika hesabu. 'Myrioi' likawa ni elfu kumi, wala si zaidi wala pungufu. Nomino yake, 'myrias', ndiyo iliyopitia Kilatini na Kifaransa na kuingia katika Kiingereza katika karne ya 16.

Kwa kuwa neno moja sasa lilibeba maana mbili, wanasarufi wa Kigiriki walizitenganisha kwa mkazo. Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya kwanza, maana yake ilikuwa elfu kumi kamili. Ukiwekwa kwenye silabi ya pili, maana ikawa wingi usiohesabika. Msikilizaji aliyetega sikio hakupotea.

Kwa hivyo neno hili limesafiri na kurudi lilikotoka. Lilianza likiwa na maana ya kisichohesabika, likafanywa kuwa elfu kumi, kisha Waingereza wakaliachilia tena hadi likarudi kuwa kisichohesabika. Tofauti ni kwamba Kiingereza hakikuchukua ule mkazo uliokuwa ukimwonya msikilizaji.

Wagiriki walilitumia neno hili kwa kazi nzito. Katika tarakimu zao za kale, herufi M, ambayo ndiyo ya kwanza katika neno hilo, ilisimama badala ya 10,000. Mwanahistoria Herodotus anasimulia jinsi mfalme Xerxes wa Uajemi alivyolihesabu jeshi lake mwaka wa 480 Kabla ya Kristo alipokuwa akielekea kuivamia Ugiriki.

Kwa mujibu wa Herodotus, askari elfu kumi walikusanywa mahali pamoja na kusongamanishwa kadiri ilivyowezekana, kisha duara likachorwa kuwazunguka. Walipoondolewa, ukuta mfupi ulijengwa juu ya alama ile, na askari wengine wakaingizwa ndani hadi pakajaa. Zoezi hilo lilirudiwa mara 170, na jumla ya askari wa miguu ikatajwa kuwa 1,700,000.

Wanahistoria wa siku hizi hawaiamini hesabu hiyo. Wanasema jeshi lilikuwa dogo zaidi kwa mbali. Hata hivyo, mbinu yenyewe ingali inatumika. Anayetaka kukadiria umati uliofurika uwanjani huhesabu watu walio katika kipande kimoja cha uwanja, halafu huzidisha kwa idadi ya vipande. Kosa la Herodotus, au la waliompasha habari, halikutokana na kukosa kipimo.

Mgiriki mwingine, Archimedes, alikwenda mbali zaidi katika karne ya tatu Kabla ya Kristo. Palikuwa na watu waliodai kwamba mchanga wa duniani hauna idadi. Yeye alimwandikia mfalme Gelon wa Syracuse risala nzima ya kupinga dai hilo.

Alianza na punje ya mchanga, akasema kwamba hata tukidhani punje hizo ni ndogo kiasi gani, mbegu moja ya mpopi haitazidi punje elfu kumi. Kisha akachukua elfu kumi mara elfu kumi, yaani milioni 100, akaifanya kuwa ngazi ya kupandia kwenye idadi kubwa zaidi. Mwishowe alionyesha kwamba hata kama ulimwengu wote, kwa ukubwa alioukisia yeye, ungejazwa mchanga, punje zake zisingefikia idadi inayoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 63.

Nasi wa Pwani tuna mazoea ya kusema kwamba kitu ni kingi kama mchanga wa ufuoni. Aliyewahi kutembea kwenye ule ufuo mweupe wa Kikambala maji yanapokupwa hawezi kulaumu msemo huo. Lakini jibu la Archimedes linabaki pale pale: ugumu wa kuhesabu si sawa na kukosekana kwa idadi.

Elfu kumi haikuwa ya Wagiriki peke yao. Wachina nao wana neno moja, 'wan', lenye maana ya elfu kumi, na tangu kale wamelitumia pia kwa maana ya wingi mkubwa. Mfalme wao alitakiwa maisha ya miaka elfu kumi, ingawa hapana aliyetarajia angeishi hivyo. Ukuta wao mashuhuri nao huitwa kwa jina linalotaja umbali wa vipimo elfu kumi.

Wachina hao si wageni katika mwambao huu. Mnamo 1415 Malindi ilipeleka twiga kama zawadi katika kasri ya mfalme Yongle, na misafara ya merikebu za amiri Zheng He ilifika pwani ya Afrika Mashariki katika miaka hiyo.

Katika vitabu vya dini pia, elfu kumi ina nafasi yake. Wasomaji wa Agano la Kale wanakumbuka jinsi wanawake wa Israeli walivyompa Sauli sifa ya kuua maelfu, na Daudi wakampa makumi ya maelfu. Hakuna aliyekwenda vitani kuhesabu maiti. Lakini Sauli aliisikia tofauti ya tarakimu hizo mbili, akaingiwa na wivu uliokaribia kumtoa roho Daudi. Idadi ya kusifia, kumbe, nayo huweza kuzua uhasama.

Sayansi nayo imelihifadhi neno hili. Ukifika Kikambala wakati wa mvua za masika utawakuta jongoo wakijikokota vijiani na penye majani yaliyooza chini ya minazi. Jongoo, pamoja na tandu, wamewekwa na wataalamu katika kundi liitwalo Myriapoda, yaani wenye miguu elfu kumi.

Jina hilo ni la chuku tupu. Jongoo mkubwa mweusi tunayemjua sisi, ambaye hukua hata kupita sentimita 30, ana miguu takriban 256. Waingereza nao humwita jongoo kwa jina lenye maana ya miguu elfu moja, na kwa muda mrefu hakuna aliyefikisha idadi hiyo. Ni mwaka wa 2021 tu ambapo wataalamu walitangaza kupatikana Australia kwa jongoo mwembamba kama uzi, anayeishi chini kabisa ya ardhi, mwenye miguu 1,306.

Ufaransa nayo, ilipoanzisha mfumo wa mita mwaka wa 1795, iliweka kipimo kilichoanza na 'myria', chenye maana ya mara elfu kumi kamili. Mairiamita moja ilikuwa kilomita 10. Kipimo hicho kiliachwa nje mfumo wa kimataifa wa vipimo ulipoidhinishwa mwaka wa 1960. Kingalikuwapo, tungesema kwamba Kikambala iko takriban mairiamita tatu kaskazini mwa Mombasa.

Turudi sasa kwenye Kiingereza chenyewe, kwa kuwa wako wanaobishana kuhusu sarufi yake. Baadhi ya walimu hushikilia kwamba ni kosa kusema 'a myriad of problems' na kwamba sahihi ni 'myriad problems' pekee, kwa hoja kwamba neno hili ni kivumishi.

Hoja hiyo haina mashiko. Neno hili liliingia katika Kiingereza likiwa nomino, na ndipo baadaye likaanza kutumika kama kivumishi. Milton alilitumia kama nomino katika karne ya 17. Coleridge, mwaka wa 1817, alilitumia kivumishi alipotaka kuusifu upana wa akili ya Shakespeare. Miundo yote miwili ni sahihi, na mwanafunzi asikatwe alama kwa lolote kati ya hayo.

Je, Kiswahili kina neno lake? Kabla ya kujibu, inafaa tukumbuke kwamba Kiswahili pia kimekusanya majina ya idadi kutoka kwa majirani wa bahari. Elfu na mia ni za Kiarabu. Laki, ambayo ni 100,000, imetoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wake. Milioni na bilioni zimekuja na Wazungu. Zamani elfu iliitwa kikwi, neno ambalo sasa limebaki kwa washairi na wazee wachache. Na mwongo, ambao leo ni kipindi cha miaka kumi, ulikuwa ni kumi ya kitu chochote.

Jambo ninalotaka msomaji alizingatie ni namna lugha yetu inavyotenganisha idadi kamili na wingi wa kukisia. Wagiriki walitumia mkazo. Sisi tunatumia kiambishi 'ma-'.

Ukisema 'watu elfu tatu', umehesabu, au unadai kwamba umehesabu. Ukisema 'maelfu ya watu', umekiri kuwa hukuhesabu. Ndivyo ilivyo kwa kumi na makumi, mia na mamia, milioni na mamilioni. Silabi hiyo moja inamwonya msomaji kwamba sasa tunakisia. Ni chombo cha ajabu, na ni masikitiko kuona jinsi tunavyokitumia kiholela, tukaandika 'mamia' palipo na watu sitini na 'maelfu' palipo na mia tatu.

Tunazo pia namba zilizogeuka kuwa methali. Tusemapo kwamba siku za mwizi ni arubaini, hapana anayeweka alama ukutani akingojea siku ya 41. Tunamaanisha kwamba siku hizo ni nyingi lakini zina mwisho.

Baada ya namba yanafuata maneno ya wingi yasiyotaja idadi yoyote, na hapa Kiswahili ni tajiri. Tuna tele, kemkem, kedekede, kochokocho, lukuki na sufufu. Watu wakiwa wengi, tuna umati na halaiki. Mambo yakifuatana, tuna msururu na mlolongo. Yakirundikana, tuna rundo na shehena.

Hata hivyo, maneno haya hayabadilishani nafasi hivi hivi. Maridhawa ni wingi unaotosheleza na kuridhisha, kwa hivyo chakula huwa maridhawa lakini matatizo hayawi. Anuwai na ainati huonyesha wingi wa aina, si wingi wa idadi. 'Myriad' ya samaki katika miamba ya Kikambala, kama mwandishi anataka kusema kwamba wako wa rangi na maumbo mbalimbali, ni 'samaki anuwai'. Kama anataka kusema tu kwamba ni wengi, basi ni 'samaki tele'.

Msemo 'chungu nzima' nao unahitaji maelezo. Wapo wanaousahihisha kuwa 'chungu kizima', wakidhani unatokana na chungu cha kupikia. Chungu hiki si kile. Hiki ni cha ngeli nyingine na maana yake ni fungu kubwa au lundo, ndiyo maana kikachukua 'nzima'. Aliye na matatizo chungu nzima ana lundo la matatizo. Aliye na mchuzi chungu kizima ana mlo wa jioni.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni utitiri. Asili yake ni wale wadudu wadogo mno wanaowatambaa kuku, ambao anayeingia bandani asubuhi hutoka akijikuna mwili mzima. Kutokana na wadudu hao tumepata utitiri wa kodi, utitiri wa vyama na utitiri wa ada. Ndani ya neno hilo hamna wingi peke yake. Mna na kero. Kama mtu anasisitiza kutafsiri 'a myriad of problems' kwa neno moja, na muktadha ni wa malalamiko, basi 'utitiri wa matatizo' unaikaribia maana kuliko 'matatizo yasiyohesabika'.

Pamoja na utajiri huo wote, ushauri wangu kwa waandishi chipukizi ni kwamba wahesabu kwanza, ndipo wachague neno. Sababu yangu haihusu ufasaha tu.

Mnamo Novemba 28, 2002, washambuliaji waliingiza gari lililojaa vilipuzi katika hoteli ya Paradise huko Kikambala, iliyomilikiwa na Waisraeli. Asubuhi hiyo hiyo makombora yalirushwa kuilenga ndege ya abiria ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa, yakaikosa. Hotelini waliuawa Waisraeli watatu na Wakenya wasiopungua 10. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wachezaji wa ngoma ya Kigiriama waliokuwa wamekuja kuwalaki wageni.

Siku ile nilikuwa zamu, kijana bado katika kazi hii. Taarifa za kwanza zilikuja na maneno ya 'wengi' na 'makumi', nasi tulikuwa tukiharakishwa. Mhariri aliyenitangulia, ambaye sasa ni marehemu, alikataa kuchapisha neno lolote la wingi hadi ipatikane idadi aliyoweza kuisimamia. Alisema kwamba kila mmoja wa waliokufa ana mama, na mama hana mtoto aitwaye 'wengi'.

Sijapata kuusahau msemo huo. Uovu mkubwa hupenda kujificha nyuma ya wingi usio na idadi. Vivyo hivyo ahadi na shida. Kiongozi akiambiwa kwamba wananchi wana matatizo yasiyohesabika, ana ruhusa ya kuinua mikono juu, kwani nani awezaye kumaliza kisichohesabika? Akiambiwa ni matatu, na ya kwanza ni maji, atatakiwa kujibu kuhusu maji.

Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Kwa kipimo cha Wagiriki hao ni 'myriad' 145, na juu yake watu 3,787. Mwandishi mvivu angesema ni watu wasiohesabika. Lakini kuna waliokwenda nyumba kwa nyumba, kutoka Mtwapa hadi Malindi na bara yake, wakawahesabu.

Taarifa ile ya Kikambala tuliichapisha ikiwa na matatizo yake matatu, kila moja na aya yake. Kijana alipomaliza kuipitia mara ya pili, alirudi kwangu mwenyewe bila kuitwa. Aya ya nne ilikuwa ikisema kwamba 'maelfu' ya familia hazina hatimiliki, naye alitaka kujua kama aiache.

Alikuwa tayari amempigia mwandishi simu. Mwandishi alikiri kuwa hapana aliyetaja idadi mkutanoni. 'Maelfu' yalikuwa yake. Tukayafuta, tukaandika kwamba idadi ya familia hizo haikutolewa. Kesho yake asubuhi mwandishi alirudi Kikambala kuiulizia.